Urafiki na Deni: Mambo Tuliyoyapata kwa Wagiriki wa Kale

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, siku ya kwanza ya semina.)

 Tunajua wengine wenu mmeondoka nyumbani kabla jogoo hajawika, mkatembea hadi barabarani kungoja matatu. Kwa hiyo hatutawachosha kwa maneno makubwa makubwa.

Kwenye barua ya mwaliko mliona somo la asubuhi hii ni hekima ya Wagiriki wa kale juu ya urafiki, haki, mali na tabia njema. Mama mmoja alituuliza pale mezani wakati wa kujiandikisha: jamani, Wagiriki na sisi wapi na wapi? Mimi nimekuja kuzungumza juu ya mikopo. Swali lake ni zuri, na wala hakukosea. Sisi pia tumekuja kuzungumza juu ya mikopo. Mvua imekosa misimu miwili. Katika vitabu vyenu kuna majina ya watu waliokopa na hawajalipa. Kuna kikundi hapa ambacho wanachama wengine wanataka mabati ya mama mjane yashushwe yauzwe, na wengine wanasema la, madeni yote yafutwe, tuanze upya. Watu waliokuwa wakisaidiana kwa matanga na kwa harusi sasa wanapitana njiani bila salamu. Basi, jambo kama hili hili liliwapata watu wa Athens yapata miaka 2,600 iliyopita, karibu liwaingize katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Na kwa bahati wale walikuwa watu wa kuandika mambo yao.

Hebu tuanze na shamba, maana ndipo mambo yalipoanzia. Nchi inayozunguka Athens inaitwa Attica. Ni nchi ya mawe na udongo mwembamba. Mizeituni inakubali, mizabibu inakubali, lakini nafaka ni taabu. Mkulima mdogo akiishiwa na shayiri kabla ya mavuno, alikwenda kwa tajiri kukopa. Na dhamana ilikuwa nini? Kwanza shamba. Shamba lisipotosha, mwili wake mwenyewe, na wa mkewe, na wa watoto wake. Shamba likiingia katika deni, jiwe lilisimamishwa pale kuonyesha kwamba lina mtu mwingine anayelidai. Wako walioitwa watu wa sehemu ya sita, kwa sababu, kama wataalamu wengi wanavyoeleza, walilima na kumtolea mkubwa sehemu moja katika kila sita za mavuno. Akishindwa kutoa, anakamatwa. Wengine waliuzwa kama watumwa hapo hapo nyumbani, wengine wakapelekwa ng'ambo. Fikiria mzazi anamuuza mtoto kwa ajili ya debe za shayiri.

Ikafika mahali maskini wakaanza kutafutana, wapate kiongozi wa kuwatoa kwa nguvu. Matajiri nao waliona moshi. Ndipo mwaka wa 594 K.K. pande zote mbili zikakubaliana kumpa mtu mmoja, Solon, kazi ya kupatanisha. Huyu alikuwa wa ukoo wa heshima lakini mali yake ilikuwa ya kadiri tu, na alikuwa amefanya biashara ya kusafiri. Alikuwa pia mshairi. Matajiri walimkubali kwa sababu si fukara. Maskini walimkubali kwa sababu hakuwa amewanyonya. Na kila upande ulidhani moyoni kwamba huyu ni mtu wetu. Nyinyi mliowahi kuchaguliwa mwenyekiti wa mapatano mnajua hiyo ni hatari gani.

Solon akafuta madeni. Mawe yakang'olewa mashambani. Akapiga marufuku mtu yeyote kukopesha kwa dhamana ya mwili wa binadamu, na sheria hiyo ilishika. Watu wa Athens hawakurudia kuwafanya wananchi wenzao watumwa kwa sababu ya deni. Waliokuwa wameuzwa nje alijitahidi kuwarudisha, na katika shairi lake mwenyewe anataja kwamba wengine walikuwa wamekaa ugenini mpaka wamepoteza lugha ya kwao. Tendo hilo lote walilipa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema ni kutikisa mzigo uanguke. Tukiwaza juu ya jina hilo tunawaona akina mama wa huku kwetu wenye kuni mgongoni, wakifika mlangoni, wanavyoutikisa ule mzigo na kuuachilia.

Lakini sasa sikilizeni upande wa pili. Maskini walitaka na mashamba yagawanywe, kila mtu apate sawa. Solon alikataa. Alisema hakuahidi hilo. Basi matajiri wakanuna kwa sababu wamepoteza fedha zao, na maskini wakanuna kwa sababu hawakupata ardhi. Wale waliomsifu jana wakaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Yeye mwenyewe aliandika juu ya jambo hilo bila kuona haya: alijilinganisha na mbwamwitu aliyezungukwa na mbwa kila upande.

Tena palikuwa na aibu. Hii ndiyo sehemu tunayotaka muisikie vizuri. Plutarch, mwandishi Mgiriki aliyeishi miaka mingi baadaye, na kabla yake kitabu cha katiba ya Athens kinachohesabiwa kuwa cha Aristotle au cha shule yake, wanasimulia habari hii. Kabla Solon hajatangaza kufuta madeni, aliwadokezea rafiki zake wa karibu. Aliwaambia mashamba hatayagusa, ila madeni atayafuta. Wale rafiki wakafanya nini? Walikwenda mbio kwa matajiri, wakakopa fedha nyingi, wakanunua mashamba makubwa. Siku ya tangazo ilipofika, deni likafutwa na shamba likabaki. Watu walikasirika sana, wakasema Solon alikuwa na sehemu yake katika ule ujanja. Kilichomwokoa ni hesabu: ilionekana yeye mwenyewe alikuwa amewakopesha watu talanta tano, na hizo zote akazipoteza kwa sheria yake mwenyewe. Talanta moja ya Athens ilikuwa kama kilo 26 za fedha. Zidisha mara tano. Wale rafiki zake walipewa jina la kejeli la wakata madeni, na jina likawaganda.

Tulipoisoma habari hii mara ya kwanza, katika kijitabu cha zamani, tulikifunga kile kitabu kwa muda. Sababu yake tutawaambia, ingawa si rahisi kuisema mbele ya watu.

Miaka mingi iliyopita, tukiwa bado wapya katika kazi, tulisimamia mfuko wa mikopo ya mbegu na cherehani. Siutaji mfuko wala mahali. Ukame ukaja, na wafadhili wakaamua kwamba mikopo ya mwaka ule isidaiwe tena. Habari ilitufikia ofisini wiki tatu kabla ya siku ya kutangazwa. Tuliambiwa tunyamaze. Mmoja wetu hakunyamaza. Aliwaambia rafiki zake, watu wawili watatu aliosoma nao. Hao wakaacha kulipa mara moja, na wawili wakaja kuomba mkopo mpya, nao wakapewa. Tuseme kweli: sote ofisini tulijua. Tuliwaona wakija, tukatazamana, tukaandika fomu. Alikuwa rafiki yetu, na hao walikuwa rafiki za rafiki yetu, na tuliona kusema ni kumwaibisha.

Siku ya tangazo walikuwapo akina mama waliomaliza kulipa wiki iliyotangulia. Mmoja alikuwa ameuza kuku wake wote. Hakupiga kelele. Alitoa risiti mkobani, akaitazama, akaikunja tena ndogo ndogo, akairudisha. Mwezi uliofuata hawakuja, wala mwezi wa pili. Kikundi kile kilikufa hivyo, bila mtu kutangaza kwamba kimekufa. Na hakuna hata mmoja wetu aliyepoteza shilingi. Solon alikuwa na talanta zake tano za kuonyesha. Sisi hatukuwa na kitu cha kuonyesha.

Basi kuanzia hapo ndipo tulipotaka kujua: urafiki ni kitu gani hasa, na unafika wapi?

Mtu aliyelichimba swali hili kuliko wote alikuwa Aristotle. Alizaliwa mwaka wa 384 K.K. huko Stagira, kaskazini, kwa hiyo pale Athens alikuwa mgeni siku zote, ingawa alisoma miaka ishirini katika shule ya Plato na baadaye akafungua yake. Kitabu chake cha maadili kina sehemu kumi, na mbili nzima, ya nane na ya tisa, ni za urafiki. Haki aliipa moja tu. Wale waliosoma seminari wanajua kwamba Mtakatifu Tomaso wa Aquino alimheshimu hata akawa anamwita tu Mwanafalsafa, bila jina, na alikifafanua kitabu hiki mstari kwa mstari. Kwa hiyo si mgeni kabisa katika nyumba yetu.

Aristotle anasema watu hupendana kwa sababu tatu. Kuna urafiki wa faida: nakupenda kwa sababu unanifaa. Kuna urafiki wa kufurahishana, na huo anaona ni wa vijana zaidi. Halafu kuna urafiki wa watu wema wanaotakiana mema kwa sababu ya vile walivyo, hata pasipo faida. Huo wa tatu ni wa nadra na hauji upesi. Anakumbusha msemo wa watu wa kwao kwamba watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Sisi tukisema mzee fulani amekula chumvi nyingi tunamaanisha miaka. Wao walikuwa wakihesabu chumvi iliyoliwa na watu wawili kutoka chungu kimoja.

Sasa, kikundi cha akiba ni urafiki wa namna gani? Msikasirike tukisema ni wa faida. Tuliungana ili tupate mkopo. Aristotle hatukani urafiki huo. Miji na safari za biashara zimesimama juu yake. Lakini anaonya kwamba malalamiko karibu yote yanatoka humo, kwa sababu kila mmoja huona ametoa kingi na kupokea kidogo. Halafu anagawanya tena mara mbili. Kuna urafiki wa faida wenye masharti wazi, nakupa hiki, nipe kile, tarehe fulani. Na kuna ule usio na masharti, mtu anatoa kama zawadi lakini moyoni anangoja kurudishiwa. Ugomvi mkali unazuka pale watu wanapoingia kwa namna moja na kutaka kutoka kwa namna nyingine. Tuliposoma hapo tulicheka, maana ni kama alikaa katika mikutano yetu. Mtu anakopa na kuahidi kwa sahihi yake, mbele ya katibu. Siku ya kulipa ikifika anasema, lakini sisi si ndugu? Na upande wa pili, kuna anayempa mwenzake mia tano hospitalini, kwa huruma, bila karatasi, na mwaka ukigeuka anamtangaza kwamba ni mdeni.

Kwa hiyo yeye angetuuliza kwanza: mlipoanza, mlikubaliana kuwa nini? Mkopo uitwe mkopo na uandikwe. Msaada uitwe msaada, usiandikwe popote, hata rohoni.

Anasema jambo jingine linalowasumbua wengi. Je, rafiki akiharibika, tumwache? Jibu lake si la haraka. Kama anaweza kurekebishika, anasema, tunapaswa kumsaidia zaidi kwa upande wa tabia kuliko tungemsaidia kwa upande wa mali, kwa sababu tabia ndiyo iliyo karibu zaidi na urafiki. Sisi siku ile tulifanya kinyume. Tulimsaidia rafiki yetu kwa fomu.

Tugeukie haki, maana naona mzee mmoja anataka kuuliza kuhusu mabati. Aristotle anatenganisha haki ya kugawa na haki ya kurekebisha. Katika kugawa, sawa hakumaanishi wote kiasi kimoja; aliyeweka hisa kumi haki yake ni kupata mara mbili ya aliyeweka tano. Katika kurekebisha, mambo yanageuka. Hapo haangaliwi nani ni mkubwa. Mtu mwema amemdhulumu mtu mbaya, au mbaya amemdhulumu mwema, hakimu anatazama hasara tu na kuirudisha. Kwa hiyo faini ya kuchelewa ya mwenyekiti ni ile ile ya mwanachama aliyejiunga juzi. Ziko katiba za vikundi zinazofanya haki hizi mbili kinyume: faida zinagawanywa sawa kwa wote, halafu faini inategemea wewe ni nani.

Halafu kuna hili la tatu, na kwetu ndilo tamu kuliko yote. Anasema sheria husema kwa jumla, lakini mambo ya watu hutokea moja moja. Ikitokea shida ambayo mtunga sheria hakuiwaza, mwenye busara huirekebisha ile sheria kama mtunzi mwenyewe angalivyofanya kama angalikuwapo. Ametoa mfano wa mafundi wa kisiwa cha Lesbos. Hao walikuwa na kipimo cha risasi, yaani ile madini laini nzito. Kipimo cha mbao hakipindi. Kikiwekwa juu ya jiwe lenye mgongo, kinasimama juu juu. Kile cha risasi kinalala juu ya jiwe na kufuata umbo lake. Angalieni lakini: bado ni kipimo. Fundi hakukitupa na kukadiria kwa macho.

Katiba nyingi zilizo mikononi mwenu zinasema mdeni akipitisha miezi mitatu, mali yake ichukuliwe. Walioandika walikuwa wakiwaza mtu mkaidi. Hawakuwaza misimu miwili bila mvua. Yule mjane ana mahindi yaliyokauka na mtu yeyote anaweza kwenda kuyaona. Kwake tunaona kipimo kipinde: miezi iongezwe, riba isimame, alipe kidogo kidogo, na deni libaki katika kitabu. Lakini kuna mwingine aliyekopa kwa jina la mbegu na akanunua pikipiki, na pikipiki inafanya kazi kila siku stendi. Huyo jiwe lake limenyooka. Hapo hakuna la kupinda, na asituletee mvua.

Hatukubaliani na Aristotle kwa kila kitu, na ni vizuri mjue. Riba aliichukia kabisa. Wagiriki waliita riba kwa neno lile lile la mtoto aliyezaliwa, na yeye aliona pesa kuzaa pesa ni kinyume cha maumbile. Tunaelewa kwa nini, tukikumbuka yale mawe mashambani. Lakini riba ya kikundi inawarudia wanachama wenyewe mwisho wa mwaka, kwa hiyo hapo tunamwachia msimamo wake. Kubwa zaidi, alifundisha kwamba kuna watu ambao kwa maumbile yao ni watumwa, na kwamba mwanamke kwa asili ni wa kutawaliwa. Yule mama wa pale mezani asingaliruhusiwa kusema neno katika mkutano wa Athens. Hata Solon aliwakomboa wananchi wake. Mtumwa aliyenunuliwa kutoka nchi nyingine alibaki mtumwa. Mtu anaweza kuona mbali upande mmoja na upande mwingine akawa kipofu. Tunachukua kilicho chema na hicho kingine tunakiita kwa jina lake.

Sasa waweka hazina wasogee karibu, maana hii ni yao. Miaka zaidi ya mia baada ya Solon alikuwako Athens mtu aitwaye Aristides. Watu walimwita Mwenye Haki. Wengi mmesikia kile kisa cha kura ya vigae. Athens ilikuwa na desturi kwamba wananchi wanaweza kumpigia kura mtu aondoke mjini miaka kumi, bila kosa na bila kupoteza mali yake. Jina linaandikwa juu ya kipande cha chungu kilichovunjika. Mwaka wa 482 K.K. kura ilimwangukia Aristides. Inasimuliwa kwamba siku hiyo mtu wa shamba asiyejua kusoma alimpa kigae, bila kumtambua, akamwomba amwandikie jina la Aristides. Akamuuliza, amekukosea nini? Yule akajibu kwamba hajamkosea kitu, wala hamjui. Amechoka tu kusikia kila mahali akiitwa Mwenye Haki. Aristides akaandika jina lake mwenyewe, akamrudishia kigae.

Kisa hicho ni kizuri, lakini kiko kingine ambacho hakisimuliwi sana na kinatufaa zaidi. Plutarch anasema Aristides alichaguliwa kusimamia mapato ya mji. Akafunua kwamba wakubwa wengi, wa wakati wake na wa kabla yake, walikuwa wamekula fedha za watu. Hao wakaungana, na alipotoa hesabu yake wakamshtaki yeye kwa wizi, akatozwa faini. Watu wema wa mji wakaudhika, faini ikaondolewa, na akachaguliwa tena kazi ile ile. Awamu hii akajifanya amejuta. Akawa mpole, hakagui sana, haulizi risiti. Wale waliokuwa wakiiba wakafurahi mno. Walimsifu mitaani, wakawaomba watu wamchague mara ya tatu. Siku ya kura ndipo akasimama. Akawaambia watu wa Athens kwamba alipowafanyia kazi kwa uaminifu walimtukana, na sasa alipoacha mali nyingi ya umma iliwe wanamwona raia wa ajabu. Na kwamba yeye anaona haya kwa heshima hii kuliko kwa adhabu ile. Halafu akawataja wezi, wakati wao walikuwa bado wanampigia makofi.

Tunawauliza waweka hazina, bila kutaka mjibu kwa sauti: katika kikundi chako, ni nani wanaokusifu, na wanakusifu kwa lipi?

Mwaka wa 480 K.K., Waajemi walipokuja, Aristides aliitwa arudi. Baadaye miji mingi ya Wagiriki ilipoungana dhidi ya Waajemi, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kupanga kila mji utoe mchango kiasi gani. Jumla ilikuwa talanta 460 kwa mwaka. Hebu fikiria, mtu mmoja anapangia miji michango, na miji inaona imepangiwa kwa haki. Plutarch anasimulia kwamba alipokufa hakuacha hata fedha za mazishi, na binti zake waliozwa kwa gharama ya umma. Hatusemi ni lazima mweka hazina afe maskini. Familia yake pengine ilikuwa na maneno yake kuhusu jambo hilo. Tunasema tu kwamba fedha nyingi zilipita mikononi mwake na hazikushika.

Kuhusu mali tutapita upesi, chai inakaribia. Aristotle anasema ukarimu haupimwi kwa wingi wa kilichotolewa bali kwa kadiri ya alicho nacho mtoaji, na kwamba mkarimu wa kweli hachukui mahali pasipofaa ili apate cha kutoa. Hili la pili ndilo linalosahauliwa katika harambee zetu. Na kuhusu Solon na mfalme Croesus wa Lydia, aliyemwonyesha hazina zake zote akitaka aambiwe kwamba yeye ndiye mwenye heri kuliko watu wote, Herodotus anasimulia Solon alimtaja kwanza raia wa kawaida wa Athens, aliyelea watoto wema na kufa akiutetea mji. Wanahistoria wengi wana shaka kama wawili hao waliwahi kukutana, miaka yao haipatani vizuri. Lakini Wagiriki walipenda kukisimulia, na hilo peke yake linatuonyesha walichokiheshimu, hata kama si wote waliokifuata.

Tabia je? Mtu anazaliwa nayo? Aristotle anakataa. Anasema mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na huwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Vivyo hivyo huwa mwenye haki kwa kutenda haki, mara nyingi, tangu mambo madogo. Sisi tunaamini hivyo kwa sababu tumeona na kinyume chake. Ile siku ya fomu haikuwa ya kwanza. Kabla yake tulikuwa tumemwandikia rafiki nauli ambayo hakusafiri, na kabla ya hiyo kitu kingine kidogo zaidi.

Mtauliza Solon aliishia wapi. Aliandika sheria zake juu ya mbao, zikawekwa mahali pa wazi watu wasome. Halafu kila siku watu wakawa mlangoni pake, huyu anataka hiki kiongezwe, yule anataka hiki kifutwe. Akaomba ruhusa, akaondoka miaka kumi, akaenda Misri na Kupro, ili mtu asimsukume kuzibadilisha. Aliporudi, mji ulikuwa umegawanyika vikundi vitatu, watu wa bondeni, watu wa pwani na watu wa milimani. Katika uzee wake alimwona Peisistratos, jamaa yake na rafiki wa zamani, akijifanya mlinzi wa maskini na kuuteka mji kwa walinzi wenye marungu. Solon alimpinga waziwazi, na watu waliogopa kumfuata. Kwa hiyo hakuponya kila kitu. Lakini ile sheria ya kukataza kukopesha kwa dhamana ya mwili wa binadamu ilibaki.

Basi tunaenda chai. Tukirudi tutakaa kikundi kwa kikundi, na kila katibu atafungua kitabu cha mikopo. Tunaomba majina yasomwe yote, pamoja na kiasi na tarehe na sababu iliyoandikwa siku ya kukopa, na kwa kila jina mjibu: msimu ulimshinda, au hakutaka? Aliyetembelea shamba lake aseme alichokiona, asiyefika anyamaze. Kuna kikundi kimoja kimetuuliza kimya kimya kama mikopo ya viongozi nayo isomwe. Ndiyo, isomwe, na tungependa muanze na hiyo. Sisi pia tumekuja na kitabu cha ofisi yetu. Kiko hapa mezani, na anayetaka kukitazama asiombe ruhusa.